Vifungo vya Koti la Mama

Velka, Nebraska
Jumatatu, Machi 9

Kwako dada yangu mpendwa Renata,

Salamu zangu zikufikie huko Denver zikukute mzima, wewe na shemeji Paul, na lile goti lake lililoteguka kwenye theluji liwe limeanza kukubali ngazi. Sisi huku hatujambo, ila hatujambo yenyewe inachechemea kama goti la shemeji. Emil ameota jino la pili. Sasa anang'ata kila kitu, hata kidole cha Padri Kucera alikitafuna Jumapili alipokuwa akimbariki, na Padri akasema huyu ni Mcheki kamili kama mababu zetu, hangoji chakula kiombewe. Shemeji yako Cody yuko palepale kwenye maghala ya nafaka, anarudi na vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Anakusalimu sana.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu nimejaribu, dada. Lakini nikikupigia pale nyumbani Mama anatoka huko aliko anakuja kusimama karibu yangu, eti anakunja nguo za Emil, na nguo za Emil zimekunjwa mpaka zimechoka. Nikikupigia nikiwa kwangu, sauti yako peke yake inanitoa machozi kabla sijasema neno. Kwenye karatasi angalau nikilia huoni. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiachia njiani, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza nikuombe kitu. Zile kadi za sherehe ya Juni ya Baba na Mama, ya miaka arobaini ya ndoa, usizipeleke kuchapishwa bado. Ukumbi wa parokia uendelee kuushikilia. Bendi ya akodiani usiifute. Kadi tu ndizo zingoje. Sababu nitakupa, ila lazima nianzie mbali, maana nikianzia mwisho utaitupa barua.

Mikono ya Mama unaijua, lakini hujui ilivyo sasa. Krismasi ulipokuja aliificha ndani ya glavu za oveni mchana kutwa, nawe ukadhani ana shughuli nyingi. Baridi yabisi imevila vifundo vya vidole. Kijiko anakishika kwa ngumi kama mtoto. Vifungo ndiyo hawezi kabisa. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini Baba ndiye aliyekuwa akimfunga koti, akianzia chini kwenda juu, na Mama akimwambia fanya haraka bwana, mimi si geti la ng'ombe. Baba naye akimjibu kwamba geti la ng'ombe halina maneno mengi hivyo. Kila siku maneno hayohayo. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yao ya asubuhi.

Ile kazi ya jikoni shuleni Mama hakuifanya kwa ajili ya mshahara. Hapa kwetu kila nyumba ya mkulima ina mtu mmoja anayetoka kwenda kuitafutia nyumba bima ya matibabu, na kwetu alikuwa yeye, miaka ishirini na miwili. Sindano yake ya kila mwezi, ukitaja bei yake mtu anadhani umetaja bei ya ndama, na bima ya shule ndiyo iliyokuwa ikiilipa. Bila sindano mikono inakauka. Na kazi ileile inayomletea sindano ndiyo iliyokuwa ikiimaliza mikono. Hapo ndipo tulipokwama.

Oktoba sufuria la mchuzi wa moto lilimponyoka. Kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza amesimama karibu na sahani yake. Mungu ni mwema, ulimrukia viatuni tu. Mama akapiga deki mwenyewe. Alipofika nyumbani hakushuka garini. Baba akangoja, akangoja, mwisho akaenda akafungua mlango wa upande wa pili akaketi naye humo, injini imezimwa, vioo vikaingia ukungu. Daktari alimwambia kwamba akiendelea na kazi ile, mikono haitafika naye kwenye uzee. Lakini Mama ana miaka sitini na mmoja, na kadi ya matibabu ya serikali haiji mpaka sitini na mitano. Baba anayo ya kwake tayari. Akistaafu sasa, Mama atakuwa na miaka minne ya kunyeshewa.

Wa kwanza kujitosa alikuwa Baba. Alisema ataenda kuendesha basi la shule, apate bima, amfunike Mama. Mtu wa miaka sitini na sita! Mama alicheka mpaka akashika meza, akamwambia, Laddie, juzi umeipungia mkono pampu ya kisima cha jirani Sedlacek ukidhani ni Sedlacek mwenyewe. Baba akanijia kwa siri na picha ya ule ubao wa herufi wa kupimia macho, nimsomeshe. Tukakaa wiki nzima, mimi namnyonyesha Emil, yeye anakariri kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Siku ya kupimwa alizitiririsha zote bila kukosea hata moja, ila ubao ulikuwa mwingine. Alirudi akaning'iniza kofia, akasema wale watu wabaya sana, wamebadilisha herufi.

Nami nikasema nitaingia jikoni badala ya Mama. Nikaambiwa bima ya mtoto haimfuniki mzazi. Hata ya kwako haimfuniki, najua ndilo ungelisema, tuliuliza.

Ndipo tukaenda kwa Colleen, yule dada wa pale mjini anayewasaidia watu mambo ya bima. Alieleza polepole hata mimi nikaelewa. Anayestaafu mapema anaweza kujinunulia bima, na serikali inamsaidia kulipa kama mapato ya nyumba ni madogo. Ya Mama ni madogo. Lakini mke na mume wanahesabiwa chungu kimoja, na mashamba ambayo Baba ameyakodisha yanahesabiwa humo, hata kama benki inazichukua hela karibu zote kabla hazijapoa. Kwa hesabu hiyo Mama ni mke wa tajiri, na mke wa tajiri hasaidiwi. Na bila msaada, bima pamoja na magonjwa yake ingelimeza shamba lote kabla kadi ya serikali haijafika. Baba akauliza, je, akiuza lile la kaskazini? Colleen akamwambia mwaka huo ataonekana tajiri zaidi. Baba akajikuna kichwa, akasema, hebu ngoja binti yangu, nikiwa na shamba mimi tajiri, nikiliuza mimi tajiri kupita kiasi, sasa nifanyeje ili niwe maskini kama nilivyo?

Colleen alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema ipo njia ambayo wengine wamepita, ni halali, ila yeye hamshauri mtu. Akaitaja kwa sauti ndogo huku anachezea kifuniko cha kalamu. Tulirudi nyumbani bila kuwasha redio.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono unakataa, kwa hiyo naandika upesi. Dada, Baba na Mama wameachana. Kwa hakimu, kwa talaka kamili, mwishoni mwa Januari. Akihesabiwa peke yake Mama ni maskini, na maskini anasaidiwa. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa gari. Mama aliniapisha nisikuambie, alitaka wangoje miaka hiyo minne, kadi ije, waoane tena kimyakimya, nawe usijue kamwe.

Baba alikuwa amekwenda kwanza kwa Padri Kucera. Padri akamwambia kwamba mbele ya Kanisa hakimu hana mkasi wa kukata alichokifunga Mungu, wao ni mke na mume vilevile, karatasi ni ya serikali. Baba akarudi anapiga mluzi. Mama ndiye aliyeomba talaka, alisema Laddie hawezi kudanganya hata kwenye karata. Hakimu ni yule kijana wa akina Vondra aliyekuwa akija dirishani kwa Mama shuleni kuomba aongezewe viazi. Sheria inamtaka aulize kama ndoa imevunjika kiasi kwamba haitengenezeki. Mama alikuwa ameshauinua mkono wa kiapo, mkono uleule, vidole vimepinda havinyooki. Akasema ndiyo, imevunjika. Baba akamgeukia kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Ilikwisha upesi kuliko kumwogesha Emil. Mama akasimama avae koti, maana nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Na Baba, kwa mazoea tu, akainama mbele yake, mbele ya hakimu na karani, akaanza kumfunga vifungo, kutoka chini kwenda juu. Hakimu alitazama dirishani mpaka kifungo cha mwisho.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Mama ameacha kazi, bima imekuja, sindano anapata, na mikono imeanza kulegea. Juzi alimenya kiazi kizima, akaninyooshea anionyeshe, nikapiga makofi na Emil akapiga makofi. Lakini moyo wake haukurudi naye kutoka kwa hakimu. Anasema yale ya Padri kuhusu talaka ameyasikia, kinachomtesa ni kiapo. Aliniuliza mimi, mtu wa kuulizwa mambo kama hayo, akasema: Josie, niliapa kwa Mungu kwamba ndoa yangu imevunjika, sasa ama mimi mwongo, ama imevunjika kweli, nichague lipi? Nikampa Emil ambebe.

Basi amejichagulia. Amehamia chumba chetu cha zamani, na kwa kuwa kitanda changu nilihama nacho, analala kwenye cha kwako. Kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa, na komunyo haendi. Baba anafanya mzaha, anamwambia Sedlacek kwamba amepata mpangaji, kodi halipi lakini anapika vizuri. Kisha akiingia zizini anakaa humo muda mrefu, na wewe unajua zizi halina ng'ombe hata mmoja tangu alipowauza. Amekonda. Na kilichonitisha kuliko hakimu ni hiki: Mama amejinunulia masweta mazito ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, matatu, yasiyo na vifungo. Asubuhi hamhitaji tena mtu. Naogopa, dada. Naogopa ile karatasi tuliyoitafuta ituokoe isije ikajifanya kweli.

Jana Jumapili theluji ilirudi. Nilikuwa pale nyumbani namlisha Emil uji. Mama akatoka chumbani na lile koti lake la kijivu, amelivaa halijafungwa, akasimama karibu na jiko akitazama nje kama anayengoja gari. Hakuomba. Baba akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaja, akaanzia chini. Alipofika kifungo cha juu akasita, kwa sababu hapo mkono unagusa shingo. Mama akamwambia bila kumtazama, na hicho pia, Laddie, kuna baridi. Mambo ya geti hayakutajwa. Kanisani alienda kukaa nyuma vilevile, na komunyo hakwenda. Lakini Baba hakupita kwenda benchi letu la mbele. Alikaa naye hukohuko nyuma.

Kwa hiyo kadi, ukifika wakati wake, ziandike hivi: majina yao mawili, siku na saa, na kwamba kutakuwa na maandazi yetu ya kolache yenye plamu, na dansi. Miaka arobaini usiitaje, Mama asije akaona anaapishwa mara ya pili. Wacheze tu. Hata mwanamke aliyeachika anaruhusiwa kucheza polka.

Lakini usingoje Juni. Njoo Pasaka, uje na shemeji Paul na watoto wote, mjae. Usimwambie Mama kwamba unajua. Ingia tu kwa kelele zako zile, weka mizigo kwenye chumba chetu, sema umechoka na safari na unakitaka kitanda chako. Watoto waweke sebuleni, kochi lisibaki tupu. Kwangu usimtume mtu kulala, na Mama akitaka kuja nitasema Emil halali usiku. Mama hawezi kumnyima mgeni kitanda, unamjua. Halafu tutazima taa, na tuone atakwenda kulala wapi.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto kwa niaba ya mama yao mdogo. Cody na Emil wanakusalimu, Emil kwa meno yote mawili. Baba anakusalimu na Mama anakusalimu, kwa sasa kila mmoja kutoka chumba chake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Josie