Nilikubandika kwa Wanaobaki

Mama yangu,

Miaka yote nilikujibu kwa Kiingereza, nawe ukaniita mzungu wa Walthamstow, mtaa wetu wa London. Leo nakuandikia kwa Kiswahili, na makosa yake uyavumilie. Kuna jambo sikukwambia ukiwa hai.

Unaikumbuka ile wiki ya ndege? Nilikuwa na miaka mitano, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na wewe ulikuwa huruhusiwi kufanya kazi kwa sababu karatasi zako zilikuwa bado uhamiaji. Ndiyo maana ulishinda chekechea kwetu, ukikata theluji za karatasi na kutuvalisha glovu. Siku hiyo mwalimu alileta mafuta ya nguruwe tuyachanganye na mbegu, tuwatundikie ndege nje. Ukayatazama, ukaaga, ukarudi na kopo la samli. "Mwambie hata ndege wa huku wanastahili kula vizuri," ukaniagiza. Nilipomtafsiria, mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Samli iliganda kama sabuni, na ndege waliimaliza kwa siku mbili.

Kisha ikaja simu kutoka Tanga. Bibi ameanguka, hainuki, anakuita.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ulikuwa ukienda mlangoni, ukirudi dirishani, hatua nne. Kwenda ungeweza, kurudi ndiyo hakuna. "Nikitoka tu, ndiyo basi," ulimwambia mama mdogo kwenye simu. "Mtoto nitakuachia wewe hapo Peckham, mpaka Mungu atakapopenda." Ulidhani sielewi mambo ya wakubwa. Nilielewa kila neno, mama.

Ukapiga picha nne za kuombea hati ya safari. Kesho yake zikawa tatu. Ulipekua chini ya godoro, ukakung'uta hata viatu.

"Mwanangu, hujaiona picha yangu?"

"No, Mum," nikasema, macho kwenye televisheni.

Darasani tulikuwa na ubao wa majira ya baridi wenye sehemu tatu. Mbayuwayu tulimbandika kwa wanaohama. Kalunguyeye mwenye miiba akawekwa kwa wanaolala baridi yote. Kidege wa huku wa kifua chekundu alikuwa kwa wanaobaki, na pembeni yake nilikubandika wewe, kwa gundi nyingi.

Uliiona asubuhi, mkasi mkononi. Nilisubiri unigombeze, hata kofi ningelipokea. Ulikaa kwenye kile kiti kidogo ukaendelea kukata theluji, nyingi kuliko tulizohitaji.

Hati ya safari hukuiomba tena. Bibi alifariki kabla baridi haijaisha, na mazishi uliyasikiliza kwenye simu, umejifunika kanga juu ya koti. Karatasi zilipotoka nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ulikwenda Tanga kuona kaburi, ukarudi, na picha ile hukuitaja hata mara moja.

Mwaka jana, baada ya kukuzika, niliikuta kwenye pochi yako. Nyuma yake kumeganda gundi na kipande cha ubao wetu wa buluu. Kumbe uliibandua, ukatembea nayo miaka yote hiyo. Sijui kama ulinisamehe au ulikuwa ukijikumbusha aliyekufungia. Naumia, na naona aibu. Watu huniambia nilikuwa mtoto tu. Mtoto yule alijua alichokuwa akifanya.

Sasa mimi ndiye ninayekata theluji, katika chekechea nyingine, na kila mwaka ubao ni ule ule. Sehemu ya wanaobaki huiacha mpaka mwisho, lakini siwezi kuiruka. Watoto wanamtaka kidege wao.

Jana walipochukuliwa wote na wazazi wao, nilifunga mlango wa darasa nikatoa picha yako. Nilitia gundi kidogo tu, safari hii. Nimekuweka kwa wanaohama, pembeni ya mbayuwayu.

Nenda, mama. Bibi anakuita.

Ni mimi, mwanao uliyebaki kwa ajili yake.