Picha Uliyoikata kwa Mkasi

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya cherehani.
Jumapili asubuhi, wiki ya saba ya ndoa yangu.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimepiga goti kweli, kwa sababu kalamu iliniponyoka ikaingia chini ya meza, nikaona nisiinuke kabla sijakuamkia. Hujambo? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado inakusaidia, au siku hizi kazi yake ni kunukisha nyumba tu? Mjomba kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima. Mimi nimezidi, maana hata wenzangu pale tunaposhona sare za shule wananiambia nipunguze kuimba, nyuzi zinakatika.

Ulinionya nisimsifu mume kabla ya mwaka kwisha, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimetii. Simsifu mbele yake. Lakini penzi ni kikohozi, Shangazi, na wewe ndiye uliyenilea, sasa nikakohoe wapi?

Mume wangu ana jicho ambalo sijapata kuliona kwa mtu mwingine. Unamjua kama fundi wa cherehani, mtu wa mafuta na bisibisi. Kumbe ana kazi ya pili isiyomlipa chochote, nayo ni kutazama mwanga. Asubuhi jua likipita dirishani likagusa mfuniko wa sufuria, anasimama na mswaki mdomoni kana kwamba kuna mgeni ameingia. Juzi nilikuwa nakunja nguo akaniambia, “Usitikisike. Una mwanga sikioni.” Nimesifiwa macho, nimesifiwa mwendo, lakini sikio, Shangazi, hakuna aliyewahi kunisifia. Nguo zile zilikaa bila kukunjwa mpaka jioni.

Yeye na wenzake kumi na sita wana kikundi chao kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyesomea kupiga picha. Sharti lao ni picha moja kila siku, iliyopigwa siku hiyohiyo. Ya jana haipokelewi, wanasema imelala. Ukiiweka lazima useme mwanga ulitoka upande gani, kisha watu watatu wakujibu, na kila mmoja aanze na sifa kabla ya kutoa kasoro. Wanabishana kuhusu kivuli cha ndoo kama watu wanaogawana shamba. Kuna kinyozi wanayemwita Mchana Kweupe, kwa sababu picha zake zina mwanga mwingi hadi vichwa vya wateja wake vinayeyuka. Kuna muuguzi wanayemwita Mama Kivuli, ambaye yeye akipiga picha ya korido ya wodi unaona mpaka ukimya. Hao wawili hawajawahi kukubaliana, na mume wangu anawapenda wote.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nikuandikie.

Barua yako ilifika, na ile picha ya harusi niliyokutumia ikarudi ndani yake. Nimeiona nafasi uliyoikata. Mimi nimebaki na gauni langu na maua yangu, na pembeni, pale ulipokuwa umesimama umenishika kiwiko, kuna tundu lenye umbo lako. Nimesoma pia sharti lako, kwamba mwisho wa mwezi utakuja kututembelea iwapo tu simu ya mume wangu itakaa mfukoni.

Sikukasirika. Niliketi kitandani nikalia kidogo, ndipo mume wangu akapanda ngazi kuja kunywa chai. Aliichukua picha, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, polepole. Hakucheka. Akasema, “Aliyekata hapa hakuwa na hasira. Amefuata mstari vizuri mno.” Ndipo nikamweleza.

Nilimweleza ile siku ya studio, nilipokuwa darasa la sita tukaenda kupiga picha ya fomu ya shule. Yule bwana alikutazama wewe, akanitazama mimi niliyerithi rangi yako, akasema, “Mama, cheka kidogo basi tuone ulipo.” Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Na wewe ulicheka. Lakini mimi nilikuwa nimekushika mkono, Shangazi, na mkono wako haukucheka. Picha ilipotoka, wewe ulikuwa meno na kitambaa cha kichwani tu. Tangu siku ile, kamera ikija wewe unakumbuka chungu jikoni. Kwenye picha ya harusi ulisimama kwa ajili yangu, na ikatoka vilevile. Hata mimi bibi harusi nimetoka kama gauni lililotundikwa kwenye giza. Nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba nyuso zetu ndivyo zilivyo, hazipatani na kamera.

Mume wangu aliweka kikombe chini. Alirudi karakanani bila kumaliza chai.

Picha ile hakuionyesha kwenye kikundi, naapa, maana sura ya mtu haiwekwi bila ruhusa yake. Alichofanya ni kuchukua cherehani ya zamani, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni, akaiweka juu ya shuka letu jeupe, akaipiga picha, akaituma. Mchana Kweupe akawa wa kwanza. Alianza na sifa kama inavyotakiwa: “Shuka limefuliwa vizuri. Ila fundi, hiyo ni cherehani au paka kajikunja?” Wakacheka wote. Kisha Mama Kivuli akatuma sauti yake, na mume wangu alinisikilizisha mara mbili: “Weusi wake ni mzuri, nimeupenda. Kosa ni lako. Umepima shuka, hujapima cherehani. Na shuka halikuomba picha.”

Nikuelezee alivyonieleza yeye. Kamera ni kama mtu anayetoka ndani akakuta jua kali. Ikiona weupe mwingi inakunja jicho, na jicho likishakunjwa, kila kisicho cheupe kinapotea. Haina akili ya kujua nani ni bibi harusi na nani ni pazia. Ni mpigaji anayepaswa kuiambia, tazama hapa, usoni, ufungue jicho kwa kiasi cha uso huu. Kwenye simu unagusa tu kidole pale penye uso, unaongeza mwanga kidogo, basi. Aligusa cherehani kwenye kioo cha simu, akapiga tena. Maua ya dhahabu yakatokea, hata mkwaruzo mdogo karibu na gurudumu ukaonekana.

Alipanda ngazi mbiombio na simu mkononi. Akaitoa ile picha yetu, akaitazama tena, akaniambia, “Mke wangu, yule mpiga picha wa harusi alipiga picha ya gauni. Nyinyi wawili mlikuwa mmesimama karibu tu.”

Shangazi, niliketi chini. Miaka yote hiyo tuliubeba ule mzigo, na haukuwa wetu.

Kesho yake saa tatu asubuhi aliniweka kwenye kiti kando ya dirisha, jua likinijia kutoka kushoto. Lile shuka jeupe akalitundika kwenye kabati upande wa kulia, linirudishie mwanga shavu la pili. Shuka limepata kazi yake sasa. Alichukua muda mrefu, mimi nikachoka, nikaanza kumwambia mchuzi wangu utaungua, na hapo ndipo akapiga. Aliponionyesha sikujiona mimi. Nilikuona wewe. Ile mifupa ya shavu, ule mkunjo wa mdomo unapotaka kusema neno ukajizuia. Uso mweusi, unaong'aa, umejaa kila kitu chake. Sikujua kama sisi ni wazuri hivi, na sioni aibu kuliandika.

Aliniomba ruhusa, nikampa, akaiweka kwenye kikundi. Mchana Kweupe aliandika, “Leo sina neno, na mnajua hilo si la kawaida.” Mama Kivuli akaandika, “Aliyemlea huyu naye aje dirishani.” Halafu, kwa kuwa kasoro ni lazima, wakasema pazia limekunjamana. Nimeshalipiga pasi.

Nimekufungia picha hiyo humu ndani. Itazame mchana, karibu na mlango. Ukitaka kuikata, ikate, lakini ujue safari hii unakata uso wako mwenyewe ulio kwangu.

Ile nyingine, yenye tundu, tumeitia fremu. Iko ukutani juu ya meza. Wageni wakiuliza nani amekatwa, najibu kwamba hajakatwa, yuko njiani. Lakini nina hofu moja ambayo sijamwambia mtu. Mungu akinijalia watoto, siku moja wataniuliza nani alinilea. Sitaki kuwaonyesha tundu.

Mume wangu anasema sharti lako atalitimiza. Simu itakaa mfukoni mpaka wewe mwenyewe useme itoke, na usiposema, atakutazama kwa macho tu, na hatanuna. Nami nimemwamini, kwa hiyo nawe mwamini.

Nisalimie Mjomba, na Mrefu binamu yangu, mwambie asikue tena, milango imekwisha. Msalimie jirani yako mshona magodoro, na Bibi nimbusie mikono yote miwili. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akulainishie goti, na akupe macho ya kujiona kama ninavyokuona mimi.

Kiti kiko dirishani, upande wa kushoto. Sijakihamisha. Jua linafika hapo saa tatu kamili.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni,
Kasuku wako