Kamera Niliyoiziba kwa Plasta

Mama Neema wangu,

Hamjambo na watoto? Kampala mvua haikatiki. Lori letu sasa lina kamera inayochunga macho ya dereva na kulia akisinzia, nami niliiziba kwa plasta kwa kuwa sipendi kuchungwa. Jana mchana nikampakia Opio, fundi wetu, naye akaibandua ile plasta. Tulipokaribia Kyambogo kamera ikalia.

"Silali!" nikafoka.

"Umelala, ssebo. Mimi naona," akasema Opio, akiniita bwana kwa Kiganda.

Kutazama mbele, wanafunzi wanavuka barabara. Nikakanyaga breki, nikaegesha. Opio akaninunulia chapati ya mayai, nikala, nikalala palepale hadi alasiri.

Kwenye simu huwa nakwambia sichoki. Nachoka, mke wangu. Nitachelewa kufika kwa siku moja, nipumzike. Mungu awatunze mpaka nibishe hodi.

Baba Neema