Mama Yangu Yu Hai, Lakini kwa Kiingereza Nimeshamzamisha

Mpendwa Mama Languida,

Naomba unisaidie kabla sijapanda basi la kwenda Kigali kufanya mtihani, na naomba usinicheke, maana jambo hili nikilisema kwa sauti linaonekana la kipuuzi, lakini likinijia nikiwa peke yangu kazini nasahau hata kuandika jina la mgonjwa kwenye kichupa cha damu. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika zahanati moja hapa Gisenyi, sina mume, sina ndugu, naishi Nyamyumba na mama yangu Mukashyaka ambaye alizaliwa Goma, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kinatangulia Kinyarwanda. Kazi yake ni kununua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwa wavuvi, anazianika, anaziuza, na ni kwa sambaza hizo hizo alinisomesha mpaka chuo baada ya baba kufariki.

Tangu nimalize chuo nina mpango wa kwenda Kanada, na si ndoto za kitandani, ni mpango wa miaka, kwamba nifanye mtihani wa Kiingereza, nipeleke diploma itambuliwe kule, nifungue faili, nisubiri kuitwa. Mimi kwa pupa yangu nikaanza na mtihani, kwa sababu sisi tulioanza shule kwa Kifaransa Kiingereza ndicho kinachotutisha, nikasema nikishauvuka mlima huo mbele ni tambarare. Nikajiandikisha kwa mwalimu mmoja anaitwa Cedric, na huyu Cedric sehemu ya kuandika alinifundisha vizuri, lakini tulipofika sehemu ya kuzungumza akaniambia, "Bon, yule mutahini si polisi. Hatauliza kama ni kweli. Umupe hadithi ya kulilia, utaona mudomo inatembea yenyewe."

Basi siku ya mtihani nikaambiwa nieleze habari za mtu ninayemkosa sana, na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unamtaja mama kwa jina lake, nikasema alizama Kivu siku ya ukungu, mtumbwi ulipinduka akipeleka sambaza, alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, na walichookota ni kapu lake tu. Mama hakuwa na kitenge cha namna hiyo, nilikitunga pale pale. Mtahini aliacha kuandika akanitazama, na alama nilizopata zilinishangaza hata mimi mwenyewe, nikaenda kumsimulia Cedric yote neno kwa neno.

Mama Languida, wewe unajua kwetu kumtangaza mtu kuwa amekufa naye anapumua ni jambo baya sana, wazee wanaita kubika, hata mtoto akilisema kwa utani anapigwa kofi la mdomo ateme mate. Lakini mimi nilijipa moyo kwamba kwa Kiingereza haihesabiki.

Diploma ikachelewa kutambuliwa, na cheti cha mtihani kinaishi miaka miwili tu, kikafa kabla faili halijafunguliwa. Sasa diploma imekubaliwa, faili linanisubiri, na lazima nirudie mtihani. Nikarudi kwa Cedric kujinoa. Nilikuta darasa limeanza, nikasimama mlangoni, na nikawasikia wanafunzi wote kwa sauti moja wakisema mama yao aliitwa Mukashyaka, alizama ziwani siku ya ukungu, walichookota ni kapu lake tu. Cedric ameifanya hadithi yangu kuwa ya mfano! Aliponiona alicheka akanishika mkono, "Hadithi yako iko muzuri kabisa, imefaulisha batu mingi." Wale wanafunzi waligeuka kunitazama kwa huruma, kama watu waliofika msibani.

Tangu siku hiyo mambo hayajakaa sawa. Mvuvi mmoja wa upande wa mjini, Donat, ambaye mtoto wake anasoma kwa Cedric, alifika mwaloni kwetu, mitumbwi inapofikia, akaniuliza kwa upole, "Mama mulimuzika wapi?" na mama alikuwa pale pale nyuma yangu anaosha kapu. Donat alimwona, akavua kofia, akarudi kwenye mtumbwi wake. Siku hizi wavuvi kadhaa hawataki kumuuzia, hawamtukani wala hawamfukuzi, wanasema tu zimeisha, na sambaza zinaonekana zimejaa mtumbwini. Mmoja alimwambia Saidati, rafiki ya mama anayefanya biashara ya Goma, kwamba haifai kupokea pesa katika mkono ambao ziwa limeshauchukua.

Na ni huyo Saidati aliyemletea mama zawadi ya kitenge. Ni cha kijani, kina ndege weupe. Nilimuuliza alikinunua duka gani, akafikiri, akasema hakumbuki.

Kuna jingine. Mama anaogopa maji, tangu utoto wangu sijamwona akiingia ziwani kupita vifundo vya miguu, lakini sasa anatoka alfajiri na kurudi amelowa hadi kifuani, nami nikiigusa nguo yake aliyoitundika, si ya baridi, ni ya vuguvugu, kama iliyotoka kuvuliwa mwilini sasa hivi. Nikimuuliza anasema, "Nilikuwa natembea."

Halafu Jumapili, tukiwa tunaanika sambaza, mama alisema kwa Kiingereza kwamba walichookota ni kapu lake tu. Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kusalimia! Aliisema sentensi nzima, akavuta pumzi pale ninapovuta mimi. Kisha akaniangalia, bila hasira, akauliza, "We mutoto, ile mayi ilikuwa baridi?" Nikasema simu inaita, nikakimbilia ndani.

Kila jioni najaribu kufanya mazoezi ya hadithi nyingine chumbani, jirani yetu Ritah aliyekulia Uganda huja kunisikiliza na kunisahihisha, lakini nianze na chakula, nianze na safari, nianze na mwalimu niliyempenda, mdomo unarudi ziwani wenyewe mpaka Ritah naye siku hizi anatafuta sababu za kutokuja. Ninajua nikiisema hadithi ile nitafaulu, na nikiiacha naweza kuanguka na miaka yote hii ikapotea. Lakini je, nikiisema mara ya pili, mama atakufa kweli? Au niache Kanada? Nishauri, mama, sili wala silali.

Ni mimi,
Binti wa Nyamyumba

MAMA LANGUIDA ANAJIBU

Binti wa Nyamyumba,

Barua yako niliisoma mchana kweupe, na nilipoimaliza nilimpigia simu mama yangu aliyebaki Ngara. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Akasema, mbona basi sauti yako ni ya kilio? Kwa hiyo sitakucheka. Pole, mwanangu. Na hiyo pole uipokee haraka, kwa sababu nyuma yake kuna maneno.

Kwanza tuyatoe yale yanayotoka. Unashangaa mama kasema Kiingereza. Wewe unakariri kifo chake kila jioni, ukuta kati yenu ni wa matofali ya udongo, na mwanamke yule masikio anayo. Nyimbo za misa alizikariri za lugha gani, na nani alimfundisha maana? Na kama maana ilimsumbua, Ritah anaingia na kutoka mlangoni mwake kila siku. Unadhani hakumuuliza? Unadhani Ritah anatafuta sababu za kutokuja kwa ajili ya mashetani? Anaona aibu kwa niaba yako.

Hiyo nguo ya vuguvugu ndiyo imenikasirisha hasa. Kivu lina joto hilo tangu lini? Umezaliwa Nyamyumba, umekulia Nyamyumba, halafu unamwandikia mtu wa mjini akueleze maji ya moto yanatoka wapi! Mama yako anakwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, ile mnayoiita amashyuza, wanakokwenda watu wenye maumivu ya mgongo na ya moyo. Ameingia maji anayoyaogopa tangu utoto wako, mpaka kifuani, ili aoshe kifo ulichompaka. Kila alfajiri anaosha, na kila jioni unampaka tena.

Ndiyo maana akakuuliza kama yale maji yalikuwa baridi. Alikuwa anakufungulia mlango uingie useme. Ukakimbilia simu isiyoita.

Nilikwenda mwenyewe kwa huyo mwalimu wako, nikajifanya natafuta nafasi ya mpwa wangu. Nilisimama chini ya dirisha. Walikuwa wamefika kwenye ukungu. Sauti changa, nyingi, zinatamka jina la mwanamke ambaye asubuhi ile nilikuwa nimetoka kununua sambaza kwake, na nilitaka kuondoka lakini nikabaki nikisikiliza mpaka kapu lilipookotwa. Basi sikuambii kwamba unaogopa upuuzi. Maneno yana miguu, na haya yameshafika mwaloni, yanamnyima mama yako riziki. Kama unasubiri uone iwapo atakufa, tazama kapu lake linavyorudi tupu nyumbani, umeshaanza kuona.

Sasa nikuambie lile ambalo hukuliandika. Nimeusoma mpango wako mara mbili. Mtihani umo, diploma imo, faili limo, kusubiri kuitwa kumo. Mama hamo. Atabaki na nani? Akiugua nani atapokea simu? Utarudi lini kumwona? Hakuna. Mpango wa miaka mingi, na mwanamke aliyeulipia kwa sambaza hana hata mstari mmoja ndani yake. Ulipoulizwa nani unamkosa sana, mdomo haukukosea. Ulikuwa umeshamwacha, na moyo ukatafuta kaburi la kumwekea ili safari iwe nyepesi. Ndiyo maana hadithi inarudi yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, binti, si Cedric peke yake wala si ziwa.

Je, uache Kanada? Nani kakuambia? Usimfanye mama awe sababu ya kukaa kama ulivyomfanya sababu ya kufaulu. Nenda, lakini upange kama mtu mzima. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wewe ulikimbilia cheti kabla ya diploma. Cheti cha lugha ni kama sambaza mbichi, huzinunui leo kwa ajili ya mgeni wa mwezi ujao. Sasa diploma iko tayari na faili linakusubiri, huu ndio wakati wake, kafanye. Usipange siku ya mwisho kabisa ya faili, acha nafasi ya kurudia ukiteleza, maana kuteleza si msiba. Na jioni usikariri hadithi yoyote. Eleza kwa Kiingereza ulichofanya maabara siku hiyo, bei ya maharage yanayotoka Kanama, jinsi sambaza zinavyoanikwa mvua ikitishia. Utakwama. Kwama! Anayesema kweli huwa anakwama, kisha anaendelea.

Lakini kabla ya yote hayo, alfajiri ya kesho mfuate mama kwenye maji ya moto. Ingia naye. Mwambie yote kwa Kiswahili chenu, tangu swali la mtahini mpaka kapu, usifupishe, usilie kabla ya kumaliza ili asiache kusikia akaanza kukubembeleza. Akigeuka kuoga, msugue mgongo. Akikupiga kofi la mdomo, tema mate, ulistahili. Kisha mkae wawili mpange atakaa na nani, na hilo liingie kwenye mpango kabla ya ada nyingine yoyote.

Kwa Cedric uende mwenyewe, mbele ya darasa, umshike mama mkono, useme: huyu ndiye Mukashyaka. Msalimieni. Wamsalimie mmoja mmoja, na mtoto wa Donat awe wa kwanza, ili jioni ile ile habari ifike kwenye mitumbwi. Cedric akileta ubishi wa mutahini si polisi, mwambie Mama Languida anaijua njia ya kwake.

Kuhusu kitenge, sitajifanya nakijua kilikotoka. Nimeuliza kwa wauza vitenge hapa sokoni, na nimemtuma mtu aulize ng'ambo, Goma. Hakuna anayekumbuka kuuza cha kijani chenye ndege weupe. Usikichome, na usithubutu kukitupa ziwani. Mwombe mama akupe, ukikunje, kikae chini ya nguo zako, wewe ndiye uliyekiagiza. Yeye mnunulie kingine, chekundu, cha njano, chochote cha kelele.

Na siku ya mtihani apande nawe basi mpaka Kigali akiwa amevaa hicho kipya. Mketishe kwenye benchi nje, mnunulie chai, umwambie asiondoke. Wakikuambia ueleze habari za mtu, eleza za huyo, kwa Kiingereza cha kukwama kwako. Na mtahini akikuuliza mama yako yuko wapi sasa, usitazame chini. Mwambie yuko nje, ananisubiri.