Bomba Linalopita Kushoto Kwako

Baba,

Niko nyumbani Masinya, nimekaa kwenye kigoda chako chenye mguu mmoja mfupi, na ukungu bado haujaondoka shambani. Asubuhi kama hii siamini kabisa kwamba umekufa. Nakuona ukiitoa baiskeli uani na kuifuta kwa kitambaa, kama enzi zile ulipokuwa ukivusha watu mpakani Busia, kabla pikipiki hazijakunyang'anya abiria. Unaingia kwenye ukungu, taratibu, bila sauti ya mnyororo. Nasubiri urudi. Nasubiri kidogo tu, halafu nakumbuka.

Tangu uende, Mama amezoea kunywa chai bila sukari. Mimi bado najaza makaratasi ya malori pale forodhani. Ila kubwa ni bomba. Kuna kampuni ya serikali inataka kupitisha bomba la mafuta chini ya ardhi, na ramani yao imelikata shamba letu katikati. Ukanda huo utabaki wetu, wanasema, na tutaruhusiwa kulima maharage juu yake. Lakini hatutajenga, hatutapanda mti, wala hatutazika mtu humo.

Baba, mstari wao ulipita juu yako.

Kosa lilikuwa letu. Ulikataa kaburi la saruji. "Nataka mvua inifikie," ulisema, nasi tukatii. Kisha Mama akapanda njugu pembeni yako, msimu uliofuata akapanda na juu, maana hukupenda kuona ardhi imekaa bure. Wapimaji walipokuja, mmoja mwenye kofia ya njano alizunguka mara mbili akasema, "Mama, hapa iko njugu tu." Wakaandika hivyo kwenye fomu. Njugu! Nilicheka, Baba, halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikalia.

Binamu zako waliniambia tumalize mambo, serikali haishindiki, na tena mimi ni binti niliyeolewa kwingine, nina sauti gani? Walinikera kweli. Kazi yangu ni makaratasi, kwa hiyo nikaisoma ile fomu yote na sheria yake. Serikali inaweza kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, sikatai. Lakini lazima kwanza imsikilize mwenye ardhi, na imlipe fidia ya haki kabla jembe halijagusa udongo. Kumsikiliza. Nililing'ang'ania neno hilo, nikaandika pingamizi kwa jina la Mama.

Hatuna hati, unajua. Shamba la ukoo hushuhudiwa na wale mnaopakana nao. Na upande ule tunapakana na nani? Mzee Wandera, yule mliyegombania naye mpaka hadi mkaacha kusalimiana kanisani! Nilimwendea nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaendelea kumenya mihogo. Siku ya kikao cha kusikiliza pingamizi, palepale shambani, akaja amevaa koti la Krismasi, akaenda moja kwa moja kwenye njugu na kuvua kofia. "Huyu mzee alinisumbua na mpaka miaka mingi," akawaambia. "Mimi najua kwenye analala kuliko mtoto wake." Akawaonyesha kichwa chako kilipo na miguu yako ilipo. Sijui kama alikuja kwa ajili yetu. Nadhani amekosa mtu wa kugombana naye.

Wakalisogeza bomba. Hatua chache tu, kwa sababu mbele kuna kinamasi. Wewe umebaki salama. Lakini sasa linapita kushoto kwako, pale ulipomwekea Mama nafasi yake. Kwetu mke huzikwa kushoto kwa mumewe, na ulituonyesha mahali penyewe kwa mpini wa jembe siku moja tukipalilia, umefurahi kama mtu anayeonyesha chumba kipya. Fomu mpya ilipokuja niliisoma mara mbili. Nilikuokoa wewe nikampoteza yeye. Nikasema nitapinga tena.

Mama akanizuia. Unamjua, alitoka Paya, ng'ambo ya Uganda, bila neno la Kisamia chetu, akazeeka akiongea nawe Kiswahili chenu cha sokoni. Aliitazama ramani, akipapasa ule mstari kwa kidole. Kisha akasema, "Mimi kitandani nalalaga kulia. Miaka yote, kwa ukuta. Nani alikujaga kuandika?" Akachovya dole gumba kwenye wino, akatia alama yake mwenyewe kwenye fomu. Binamu zako wakaguna kwamba ni mwiko, mke hazikwi kulia. Mama akaenda kuchota maji.

Alfajiri ya leo nimeota mvua. Ilikuwa inanyesha juu yako peke yako, na kwa mbali, chini ya ardhi, kitu kilikuwa kinapita kikivuma polepole, nawe hukuamka.

Ukungu unaanza kuondoka. Kwaheri, Baba. Nimeng'oa njugu zilizokuwa juu yako na zile za kulia, na nitakuinulia tuta dogo ili asikukanyage mtu tena. Saruji sitaweka. Siku ya Mama ikifika, nakuahidi, nitamlaza pale alipochagua, hata ukoo mzima ukininunia.

Wewe sogea kidogo tu.

Binti yako,
Nekesa