Mkondo Unaruka Ukiwashwa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nyasura. Mkondo wa umeme bado unaruka! Nikizima swichi, sawa. Nikiwasha, grafu inachomoka juu kama mwiba, ndipo inatulia. Kwenye kompyuta ni mstari tu – kwenye mguu wa mtu aliyepooza ni maumivu. Chipu ninayoichora ni ya kuamsha misuli. Miguu kama ya baba.
Hashimu, mwenzangu wa kazi, amepiga toka Dar. Mchoro uende kiwandani wiki hii, la sivyo tusubiri mwakani. Akakata. Leo sijaongea na mtu mwingine.

Jumatano, 5 Juni
Nimeipata! Kosa ni kuuzima. Transista, kile kijidude kinachotoa mkondo, ikikatiwa njia, volteji yake inaanguka. Ukiwasha inakurupuka kujijaza. Sasa siuzimi. Nimeweka swichi mbili: moja inaupeleka mkondo mguuni, nyingine inaumwaga pembeni. Mwiba umekwisha!
Nikapiga makofi. Peke yangu, chumbani. Nikampigia baba Butiama. Hakuelewa kitu, ila alicheka. Akauliza, kwa hiyo haitauma? Haitauma, baba.

Alhamisi, 6 Juni
Hashimu analalamika: mkondo unamwagwa bure kutwa, betri itakwisha. Kweli. Nimebadilisha – unawashwa kidogo tu kabla ya kazi, unatulia pembeni, ndipo unahamishiwa mguuni. Grafu imenyooka.
"Poa. Tuma," akajibu Hashimu.
Nimetuma. Basi. Hakuna hata hongera. Nimesonga ugali wa watu wawili, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Juni
Butiama. Nimekuja kumwonyesha baba ile grafu. Nakuta vyombo vyake vimefungwa! Shangazi Bhoke anamhamishia kwake Musoma, leo hii. Hakuna aliyeniambia. Eti niko bize, wasinisumbue.
Nikamwambia baba twende Nyasura, tukae wote. Chumba kinatosha. Akaniangalia sana.
"Nitaongea na nani, mama? We si unaongeaga na kompyuta."
Hakusema kwa ubaya.
Shangazi kanituma koti la baba. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani, naandika. Godoro wameshalitoa, nimekalia mbao. Gari linaunguruma nje. Shangazi anaita, Debora, koti umelipata?
Ninalo hapa mapajani. Nalikunja, nalikunjua, nalikunja tena.