Filamu za Kutisha za Oktoba Hii

Mwanangu Colleen,

Hapa Toledo baridi imeingia, na boga la kibarazani limeoza kabla ya Halowini. Umeniuliza mwezi huu mtazame filamu zipi huko kwenu. Anzeni na ile ya mapacha wa kisimani. Ya daktari wa meno achaneni nayo, damu tupu, hadithi hamna! Ya nyumba inayopumua iwekeni mwisho.

Hiyo baba yako anaitazama kila jioni. Mlango wa stoo ukifunguka anaruka, kisha ananicheka: "Umeogopa, usijifanye!" Kesho yake anasema hajawahi kuiona. Nikimbishia ananuna, kwa hiyo siku hizi naruka naye.

Ngoja, ananiita. Haya, nimerudi.

Mwaka huu taa ya nje nitaizima, watoto wasije kuomba peremende. Wanavaa vinyago, na baba yako anashtuka ovyo. Jana nilimletea bisi, akajibana pembeni mwa kochi. "Wewe mama, nani kakufungulia mlango?"

Colleen, mimi sikuwa nimevaa kinyago.

Njoo.

Mama yako